Salama Tu, Ila

Sajini alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu bila kukaribishwa, akaweka kofia yake juu ya goti, akasema, "Mwalimu, gari la walinzi lilikuwa limeshawashwa. Aliyewaambia wasije ni huyu mama yenu."

Niligeuka nikamtazama wifi yangu. Alikuwa kwenye kochi, mkono wake wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, macho ameyatuliza kwenye zulia. Nilingoja akanushe. Hakukanusha.

"Mama," sajini akamuuliza, "ulipigiwa simu, hukupigiwa?"

"Nilipigiwa."

"Na mwizi alikuwa ndani?"

"Alikuwa jikoni."

"Ukawaambia nini walinzi?"

"Nilisema salama."

Nimefundisha watoto tangu nikiwa msichana, nikaja kuwa mwalimu mkuu, na nimesikia visingizio vya kila rangi. Lakini kumsikia mtu mzima, mwenye akili zake, akikiri jambo la namna hiyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya vifungo, hilo sikuwa nimewahi kulisikia.

"Unaona sasa," sajini akaniambia. "Neno la siri la kuwazuia walinzi amelitaja mwenyewe, hakuwekewa kisu shingoni. Mwizi akabeba vitu, akaenda zake. Mwalimu, wewe umesoma. Ungefikiria nini?"

"Ningefikiria kwanza kwamba kiti hicho kina mwenyewe."

Akahamia kwenye stuli. Lakini swali lake lilibaki pale pale, na kabla ya jua kuchwa lilikuwa limeshavuka geti. Dukani walisema mwizi ni mteja wa zamani wa wifi. Kwenye foleni ya maji walisema alimfungulia mlango wa nyuma kwa mkono wake, na kwamba plasta ni ya kuzugia. Jina la familia ambalo mume wangu alilitunza maisha yake yote, sasa lilikuwa linatafunwa kama muwa. Kwa hiyo naandika mimi, niliyekuwa karibu, ili anayetaka kusema aseme baada ya kujua huyu mwanamke ni nani.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na kazi yake ni cherehani. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anasoma, wadogo zake wanamning'inia kila upande wa gauni. Aliacha shule, akakaa kwenye cherehani ya mama yake, ile ya kukanyaga kwa mguu, akaanza kushona sare za wanafunzi. Alishona mpaka mdogo wake akawa mpima ardhi. Siku ya harusi yetu mume wangu alisimama mbele ya wageni akasema kwamba kaptula yake ya kwanza ya shule ilitoka kwenye mabaki ya vitambaa vya shule tatu, na kwamba akipita mtaani kila mwalimu alidhani ni mwanafunzi wake. Watu walicheka. Wifi alikuwa mlangoni na pini mdomoni, anabana pindo la gauni langu lililokuwa limefumuka, hakuinua hata uso.

Mtaani wanamwita Salama Tu. Si jina la kupewa na wazazi. Ni kwa sababu hajawahi, katika maisha yake, kuulizwa habari akajibu vingine. Wote tunasema salama, najua. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hamwagi matatizo yake mlangoni kabla mgeni hajaketi. Lakini wifi alizidi. Siku ambayo alipaswa kuolewa, upande wa mwanamume walituma wazee wawili waje kueleza kwamba bwana harusi amebadilisha nia. Walipofika, mmoja akasema kwa woga, "Habari za hapa?" Wifi alikuwa ameshaambiwa na mtu aliyewatangulia. Akawajibu, "Salama tu, ila chakula kimeshapikwa, karibuni mle." Wakala. Hakuna mwingine aliyemchumbia baada ya hapo, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Na mume wangu alipozidiwa hospitali, nilikuwa nimerudi nyumbani kubadilisha nguo. Simu ikalia. "Habari za huko, wifi?" nikauliza. "Salama tu," akasema, "ila ndugu yangu hatunaye."

Sisi wa nyumbani tulishamzoea. Ukimwuliza, unaiacha salama ipite, unaingoja ila. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Kama hakuna ila, basi kweli ni salama.

Baada ya msiba alihamia kwangu na cherehani yake. Binti yangu, anayefanya kazi mji mwingine, hakupata usingizi. "Mama, wanawake wawili peke yenu kwenye nyumba kubwa hivyo? Nawawekea king'ora." Nilikataa, akaweka.

Fundi wa kampuni ya ulinzi alikuwa kijana mchangamfu, mdomo haukai. Alipachika macho meupe ya plastiki kwenye kona za kuta, sumaku ndogo kwenye milango, kibao cha namba karibu na mlango wa mbele, na tarumbeta lenyewe juu ya paa. Kisha akatukalisha.

"Mama zangu, king'ora ni sawa na mbwa wa nyumba. Akibweka kwa kila jani linalodondoka, siku ya mwizi majirani watamrushia kiatu anyamaze. Na mbwa hana kosa, kosa ni la aliyemfuga. Kabla hamjakiwasha, fungeni madirisha. Mbele ya haya macho kusiwe na kitu cha kuyumba. Buibui akijenga humu, mfuteni. Kila anayelala nyumba hii ajue namba. Na mkikigusa kwa bahati mbaya, tupigieni ninyi kabla hatujawapigia sisi."

"Na mimi nikitaka kukung'uta nyuzi nje?" wifi akauliza.

"Bonyeza namba kwanza, ndipo ufungue mlango."

"Nikisahau?"

"Basi mtaa mzima utajua kwamba unakung'uta nyuzi."

Mtaa mzima ulijua. Wifi alizoea kuinuka kwenye cherehani na mapaja yaliyojaa vipande, kufungua mlango wa jikoni na kukung'uta, kama alivyofanya tangu utotoni, na kabla hajarudi kukaa dunia ilikuwa inalia. Tukajifunza kidogo, ikaja zamu ya pazia. Alinishonea pazia jepesi, refu mpaka sakafuni, zuri sana, tukaliacha dirisha wazi kidogo ili sebule ipumue, tukaenda ibadani. Upepo ukaingia, pazia likacheza mbele ya jicho. Tuliporudi, mtaa ulikuwa umesimama nje umeziba masikio.

Kisha sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu wangu. Tulipotoka kuwasindikiza wageni, mimi nikawasha king'ora, ndani yamebaki maputo ya gesi yanaelea darini. Walinzi walikuja wanakimbia, kofia ngumu kichwani, marungu mkononi. Wakaingia. Mkubwa wao akatoka ameshika uzi, na mwisho wa uzi kuna puto lenye umbo la samaki.

"Mtuhumiwa tumempata, mama," akasema. Hakuwa anacheka.

Ng'ambo ya barabara anaishi dereva mstaafu wa malori, tunayemwita Mzee Redio kwa sababu redio yake inaimba barazani kutwa nzima. Huyo ndiye aliyetumaliza. Kila nikipita, "Mwalimu, ule wimbo wa jana mliupiga kwa ombi la nani?" Nyumba aliyoijenga mume wangu tofali kwa tofali, yenye kibao cha jina lake getini, ikaanza kuitwa Nyumba ya Kelele. Nilikuwa nikisalimia watu nikiwa nimeangalia pembeni.

Hatimaye msimamizi wa kampuni akanipigia. Kwa heshima zote akasema magari yao ni machache, na kila yanapokimbilia puto kwangu, kuna nyumba nyingine haina wa kuitetea. Tangu siku hiyo wangepiga simu kwanza. Aliyepo nyumbani akitaja neno la siri, gari haliji. Asipolitaja, linakuja.

Binti yangu akachagua neno. "Bilauri," akasema. "Siku hizi hakuna anayelisema, mwizi hawezi kulibahatisha."

Hata wifi hakuweza. Siku moja nyuzi zikakung'utwa, kikalia, nami nikiwa bafuni na sabuni usoni. Nilimsikia kwenye simu.

"Ngoja, mwanangu, nalijua. Ni kitu cha kunywea. Kikombe? ... Siyo? Glasi. ... Jagi? Kopo! ... Haya, sufuria, basi."

Walinzi wakaja mbio. "Tumeambiwa kuna bibi anataja vyombo tu," mkubwa wao akasema akihema, "tukajua ametekwa jikoni."

Fundi akarudishwa kubadilisha neno. Akauliza tunataka lipi, jepesi, ambalo halitamponyoka bibi. Wifi akajibu bila kuacha kukanyaga cherehani, "Andika salama tu. Hilo sitalisahau hata nikiwa nimekufa." Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yangu alicheka kwenye simu. Mimi nilitia sahihi, kwa kuwa nyumba ni yangu, na sote tukaona jambo limekwisha.

Asubuhi ya tukio nilikuwa na kikao cha bodi ya shule. Niliwasha king'ora upande wa milango tu, kama tufanyavyo wifi akibaki ndani, nikamwacha anashona. Niliporudi, tarumbeta lilikuwa limeshanyamaza, lina kawaida ya kuchoka lenyewe. Mzee Redio alikuwa barazani kwake.

"Leo mmeanza mapema, Mwalimu!" akaniitia. "Kipindi cha asubuhi!"

Niliingia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, vioo vya dirisha la karibu yake vimechomolewa kimoja kimoja na kulazwa vizuri juu ya sinki. Sebuleni palikuwa na alama ya mraba isiyo na vumbi, mahali televisheni ilipokuwa. Juu ya kabati, sanduku la mbao lenye darubini ya kupimia ardhi ya mume wangu halikuwepo. Saa yake haikuwepo. Cherehani ilikuwa imesimama katikati ya mshono, sindano imezama kwenye kola.

"Wifi!" nikaita. Nilisikia mlio mdogo, chuma juu ya ubao. Ulitoka stoo. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Wifi, uko humo? Habari?"

Ikaja sauti yake, karibu na sakafu. "Fungua."

Hakusema kingine. Nasema kweli, nyumba iliyoibwa haikunitisha kama neno lile. Nilifungua komeo. Alikuwa ameketi kati ya magunia ya vitambaa, mkasi kwenye mkono wa kushoto ndio aliokuwa akigongea, na ule wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hospitali walimfunga plasta. Muuguzi alimuuliza, "Mama, unajisikiaje?" akatazama ukuta. Daktari akamsalimia, akatazama ukuta. Nyumbani, baada ya sajini kuondoka, watu walikuja kutupa pole, wengine kwa upendo, wengine kuja kuangalia sura ya mtu aliyemfungulia mwizi. "Habari za hapa, shoga?" Wifi anainuka, anaingia chumbani. Salama Tu alikuwa ameacha kuitikia salamu.

Nilimfuata chumbani. Nilimwambia lililokuwa moyoni, kwamba mimi simshuku, lakini nahitaji kujua.

"Nilikuwa nimeshamwona jikoni, simu ikalia hapo kwenye cherehani," akasema. "Nikapokea. Nikasema salama. Nikageuka, yupo mlangoni. Akaninyang'anya simu, akanivuta stoo, akanisukuma. Wifi, unajua aliponifungia alisemaje?"

"Alisemaje?"

"Aliniambia, 'Asante, bibi, umenisaidia.'"

Niliketi kitandani.

"Mwizi amenishukuru," akasema. "Basi wanayoyasema huko nje wanakosea wapi? Mimi ndiye niliyewarudisha walinzi. Kwa mdomo wangu."

Siku iliyofuata nilivaa suti yangu ya kijivu, ile aliyonishonea yeye nilipopandishwa cheo, nikaenda kwenye kampuni ya ulinzi. Niseme wazi, nilikwenda kwa shari. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu getini: mtu mzima kaachwa sakafuni, kampuni kubwa, aibu kubwa. Ofisi yao iko nyuma ya duka la matairi. Unapita kwenye ujia unaonuka mpira, unaingia chumba chenye pazia zito, taa za dari zinawaka mchana, na meza ndefu ambayo wasichana watatu wameketi na vipokea sauti masikioni, kila mmoja na kikombe chake cha chai kilichopoa. Simu hazikomi. "Nyumba ya kona, imelia mlango wa mbele." "Ghala la rangi, limelia dirisha." Niliwasikia wakipiga na kufunga, kupiga na kufunga, na karibu kila jibu lilikuwa la bure: mtoto, paka, upepo, mfanyakazi mgeni asiyepewa namba.

Msimamizi alinipa kiti. "Mwalimu, tunasikitika sana. Lakini neno lilitajwa. Simu zote tunazirekodi."

"Niwekee nisikie."

Akasita. Nikamtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wazazi wasiokuja mikutanoni. Akabonyeza.

Kwanza ulikuja mlio wa king'ora chetu. Kisha sauti ya msichana, laini, "Shikamoo, bibi. Napiga kutoka kituo cha ulinzi. Habari za hapo nyumbani?"

Kisha wifi, pumzi juu juu. "Marahaba, mwanangu. Salama tu, ila ku..."

"Asante, bibi. Siku njema."

Simu ikakatwa.

"Umesikia, Mwalimu," msimamizi akasema taratibu. "Salama tu. Ndilo neno lenu."

"Rudisha."

Akarudisha. Alikuwa bado anasikia neno lile lile. "Rudisha tena," nikasema, "na safari hii usisikilize salama. Sikiliza kinachofuata."

Mmoja wa wale wasichana alikuwa amevua vipokea sauti na kusogea nyuma yetu. Rekodi ilipofika mwisho alijiziba mdomo.

"Ila," akasema. "Bibi alisema ila. Nilimkatia."

Alikuwa ndiye. Binti mdogo, kucha safi, shanga moja shingoni, machozi yameshafika. "Nilisikia neno, nikafunga," akaniambia. "Ndivyo tunavyofundishwa. Ukisikia neno, funga, kuna nyumba nyingine inasubiri. Nilijua ni ile nyumba ya puto."

"Na kumsalimia? Nako mmefundishwa?"

"Hapana, Mwalimu. Tunatakiwa tuseme, 'Taja neno lako la siri.' Lakini aliitika mtu mzima. Ningeanzaje bila kumsalimia? Hayo nimefundishwa nyumbani."

Shari yote niliyokuja nayo ilinitoka. Laiti angekuwa mtoto asiye na malezi, angedai neno kavu kavu, na wifi angepiga kelele za mwizi. Laiti wifi angekuwa mtu wa kumwaga mambo, angeanza na mwizi, salama baadaye. Lakini mmoja alisalimia, mwingine akaitikia, na kati ya adabu za wanawake wawili mwizi akapata mlango wa kutokea. Nami nilikuwa mmoja wa waliokaa sebuleni wakakipa king'ora chetu neno ambalo kila mtu hulisema kabla hajasema kitu.

Nikampigia sajini, akaja, akaisikiliza rekodi akiwa amesimama. Aliomba irudiwe mara moja tu. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Mama yangu naye husema hivyo hivyo," akasema. "Mwaka juzi alinipigia: tuko salama, ila paa limeondoka." Kisha akasema atafika nyumbani mwenyewe kumwondolea wifi yangu shaka, na kwamba safari hii atangoja aonyeshwe pa kukaa. Alifika, na nilimwonyesha.

Lakini mimi nilikuwa nimemtangulia. Nilimkuta wifi kwenye cherehani iliyofunikwa, anaitazama.

"Ulisema ila," nikamwambia.

Hakuelewa.

"Kwenye simu. Hukusema salama ukanyamaza. Ulisema, salama tu, ila. Nimekusikia kwa masikio yangu, msimamizi kasikia, sajini kasikia. Yule binti alikata kabla hujamaliza."

Aliniangalia kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Nilisema ila?"

"Ulisema ila ku."

"Kuna," akasema. "Ila kuna mtu jikoni." Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. "Na viatu vyake vina tope, wifi. Hilo nalo nilitaka kulisema. Nilikuwa nimedeki."

Nilicheka, nikalia, vyote pamoja, mimi ambaye sikulia mbele za watu hata siku ya mazishi.

Mwizi hajapatikana, na darubini haijarudi. Lakini jioni ile ile nilivuka barabara, nikapita nyumba moja baada ya nyingine, nikiwa bado kwenye ile suti, nikaeleza neno lilivyokuwa. Kwa Mzee Redio nilifika mwisho. Alizima redio, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulishuhudia.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikisikia. Kililia, nami..." Akatazama kidude cha redio. "Niliongeza sauti."

Hatua chache tu kutoka barazani kwake hadi getini kwetu. Nilitaka kumlaumu, nikakumbuka puto, pazia, nyuzi. Ni sisi tuliomfundisha kuongeza sauti.

"Kuanzia leo hakitalia bure," nikamwambia. "Kikilia, ni kweli. Toka nje upige kelele."

"Nikitoka nikukute unakung'uta nyuzi?"

"Basi uniimbie wimbo huo mpaka nife."

Sasa kila Jumamosi napanda stuli na kitambaa, nafuta yale macho, naondoa buibui. Pazia limekatwa likaishia chini ya dirisha. Nyuzi zinakung'utwa ndani ya ndoo. Kila mgeni anayelala kwetu anafundishwa namba kabla ya kuonyeshwa choo, na betri ikianza kupiga kimlio chake cha njaa inabadilishwa siku hiyo hiyo. Kampuni tunaipigia tujaribu mlio, majirani wakiwa wameambiwa. Neno la siri limebadilishwa. Silisemi hapa, lakini halimo kwenye salamu yoyote, na wifi hulipitia kila asubuhi kama mtoto anayekariri.

Yule binti wa simu alikuja kututembelea siku yake ya mapumziko. Alisimama mlangoni kwa wifi, mikono nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akakwama hapo. Wifi naye tangu siku ya stoo alikuwa hajaulizwa habari na mtu akajibu. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumeacha kumuuliza. Nilibaki na sinia mkononi.

"Maliza salamu, mwanangu," wifi akasema. "Unaniogopa nini?"

"Habari za hapa, bibi?"

Wifi aliinua uso. "Salama tu," akasema, "ila..."

Binti hakutikisika. Hakushukuru, hakuaga. Alisogea akapiga magoti karibu na cherehani, akangoja, na wifi akachukua muda wake wote, kama mtu aliyerudishiwa kitu na anakikagua kama kimekamilika.

"Ila huu mkono bado hauna nguvu za kutunga uzi," akasema. "Hebu nitungie."